Swali la Afya Likifika Maktaba

Maktaba ya umma haina kitanda cha mgonjwa wala duka la dawa, lakini maswali ya afya huingia humo kila siku, mengi yakijificha nyuma ya swali jingine. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaomba kitabu cha baiolojia, kumbe anachotafuta ni kurasa mbili za uzazi, kwa sababu siku zake zimechelewa. Baba anaazima kamusi ya Kiingereza ili asome karatasi aliyopewa hospitali. Kijana anakaa kwenye kompyuta, anaandika "dawa ya vidonda vya tumbo", na baada ya dakika tano yuko kwenye tangazo la mtu anayeuza unga wa mizizi kwa njia ya simu.

Kati ya hao wote na taarifa wanayoihitaji yuko mkutubi, mtu aliyesomea hasa kazi ya kumfikisha msomaji kwenye taarifa. Lakini swali likigusa ugonjwa, mara nyingi huyo ndiye anayerudi nyuma. Jibu lake ni moja: nenda hospitali.

Jibu hilo lina busara ndani yake. Mkutubi hakusomea udaktari, na neno moja la kubahatisha linaweza kumdhuru mtu. Shida ni kwamba wengi wanaouliza wametoka hospitali tayari. Zahanati ina foleni, mganga ana dakika chache kwa kila mgonjwa, na mgonjwa hutoka na bahasha ya vidonge na maswali ambayo hakuthubutu kuyauliza. Akija maktaba akaambiwa arudi alikotoka, hatarudi. Atauliza jirani, kundi la WhatsApp, au namba iliyoandikwa kwenye kibao kilichopigiliwa nguzo ya umeme. Mkutubi akinyamaza, hao hawanyamazi.

Swali la uchambuzi huu, basi, ni kama watumishi wa maktaba wanaweza kufundishwa kujibu maswali ya afya bila kugeuka madaktari wa bandia. Inawezekana, na kwingine imeshafanyika. Lakini mafunzo hayo yana sehemu tatu: kumuuliza muulizaji, kutafuta na kupima taarifa, na kujua pa kuishia. Semina nyingi hushika sehemu ya kati peke yake, zikaonyesha tovuti kadhaa na kugawa vyeti. Sehemu ya kwanza na ya mwisho zikikosekana, ile ya kati haina faida kubwa, na inaweza hata kuwa na hatari.

Marekani walivyojenga fani hii

Marekani ndiko fani hii ilikokuzwa kwa mpangilio zaidi. Chama cha Maktaba za Tiba cha huko kilianzishwa mwaka 1898, na kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa kuwahudumia madaktari na watafiti. Mwananchi wa kawaida hakuwa mteja. Mambo yalibadilika intaneti ilipoenea. Mwaka 1997, Maktaba ya Taifa ya Tiba iliyoko Bethesda, Maryland, ilifungua bure kwa umma hazina yake ya makala za kitabibu kupitia PubMed. Ikaonekana upesi kwamba waliokuwa wakiingia humo si madaktari pekee. Mgonjwa aliyetaka kuelewa kisukari chake alikutana na makala zilizoandikwa kwa ajili ya wataalamu. Mwaka uliofuata maktaba hiyo ikazindua MedlinePlus, tovuti inayoeleza magonjwa, dawa na vipimo kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Tovuti nzuri peke yake haikutosha, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kumwelekeza msomaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama hicho cha maktaba za tiba kikaanzisha cheti cha utaalamu wa taarifa za afya kwa umma. Ngazi ya kwanza inadai saa 12 za mafunzo, ya pili saa 24, na cheti hudumu miaka 3 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Hakihitaji shahada ya tiba, na kiko wazi kwa wakutubi wa maktaba za umma, wengine wakiwa wamelipiwa ada na mtandao wa Maktaba ya Taifa ya Tiba. Miongozo ya taaluma inaweka msingi mmoja juu ya yote: mkutubi hutoa taarifa, hatoi ushauri wa kitabibu.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuja kabla ya intaneti, na halikuhusu afya peke yake. Mwaka 1983, katika jimbo hilohilo la Maryland, watafiti walipeleka waulizaji wa siri kwenye vituo 60 vya maktaba za umma, wakiwa na maswali ambayo majibu yake yalijulikana. Majibu kamili na sahihi yalikuwa karibu asilimia 55 tu. Ukubwa wa maktaba na wingi wa vitabu havikueleza sana tofauti kati ya kituo na kituo. Kilichoeleza tofauti ni mwenendo wa mtumishi: kama alimkaribisha mtu, kama alichimba swali kabla ya kukimbilia rafu, na zaidi ya yote, kama mwishoni aliuliza iwapo jibu limetosha. Watumishi walipofundishwa mienendo hiyo, kisha wakaendelea kukumbushana kazini, matokeo yao yalipanda.

Kwa maktaba zetu zenye rafu chache habari hiyo ina faraja. Kilichokuwa kikikosekana zaidi Maryland kilikuwa ustadi wa kuzungumza na msomaji, na ustadi huo haununuliwi kwa fedha za kigeni.

Kuuliza kabla ya kutafuta

Watu hawaleti swali lao la afya likiwa zima. Huleta kipande kisicho na aibu. Anayeogopa saratani ya matiti huomba kitabu cha "afya ya mama". Mwenye wasiwasi kuhusu nguvu za kiume huomba kitabu cha lishe. Mkutubi akijibu kipande hicho, amejibu swali ambalo hakuna aliyekuwa nalo.

Chukua igizo hili la darasani, mmoja akiwa mkutubi kijana na mwingine mama mtu mzima:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mna kitabu cha presha?"

"Vipo mama. Ungependa kujua nini hasa? Chakula, dawa, au ugonjwa wenyewe?"

"Dawa. Nimepewa hizi, naambiwa ukishazizoea zinakula figo."

"Unazo hapo? Tuangalie jina lake."

Mama anatoa bahasha. Imeandikwa amlodipine. Mkutubi anafungua ukurasa wa dawa hiyo, anageuza kioo cha kompyuta ili mama aone, na kumsomea taratibu kwa Kiswahili. Ukurasa unaeleza dawa hiyo ni ya nini na athari zake zinazojulikana ni zipi. Ukurasa wa shinikizo la damu unaeleza kwamba presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoweza kuharibu figo. Mkutubi hasemi "endelea nazo", wala hasemi "acha". Anasema, "Hapa wameandika mgonjwa asiache dawa hii bila kuzungumza na daktari wake. Kliniki unarudi lini?"

"Alhamisi."

"Basi tuandike maswali mawili ya kwenda nayo. Na je, nimekujibu ulichokuja nacho, au kuna kingine?"

"Kipo. Hii miguu imeanza kuvimba."

Igizo zima limeandaliwa kwa ajili ya mstari huo wa mwisho. Kuvimba miguu ni athari inayofahamika ya dawa hiyo, na pia inaweza kuwa dalili ya jambo jingine, tena zito. Mama hakuileta habari hiyo mwanzoni. Imetoka kwa sababu ameulizwa mara ya pili, na kwa sababu aliyemuuliza hakuonyesha haraka wala mshangao. Mkutubi hana mamlaka ya kuamua imesababishwa na nini. Anayo mamlaka ya kumwonyesha mama mahali palipoandikwa kwamba akiona hali hiyo amweleze daktari, na kumwambia zahanati ya karibu inafungwa saa ngapi leo.

Swali la kwanza la mkutubi lilikuwa wazi, "ungependa kujua nini hasa?" Hakuuliza "una presha?", jambo ambalo lingekuwa kuingilia siri ya mtu. Huenda msomaji anauliza kwa ajili ya mumewe, mtoto, au insha ya shule, na mkutubi hahitaji kujua ni nani anayeumwa ili amsaidie. Mpaka huu mdogo kati ya kuchimba swali na kumchimba mtu haueleweki kwa kusomewa. Hueleweka kwa kuigiza, kukosea mbele ya wenzako, na kuigiza tena.

Kutafuta, na kupima kilichopatikana

Katika sehemu ya pili kuna mengi ya kufundishwa, na mafunzo yaanzie kwenye rafu kabla ya kompyuta. Maktaba nyingi zina vitabu vya afya vya misaada, na vingine ni vya zamani mno. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kuhamia SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikaanza kuhamia dawa mseto ya ALu. Kitabu cha mwaka 1985 kinachompa mgonjwa wa malaria dozi ya klorokwini bado kinaweza kuwa kimesimama rafuni, jalada lake zuri kabisa. Hata *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha David Werner kilichosaidia vijiji vingi, kina mambo ya kudumu kama usafi, lishe na huduma ya kwanza, na kina sehemu za dawa zinazotakiwa kusomwa kwa kuangalia mwaka wa toleo. Katika rafu za riwaya, kuondoa vitabu chakavu ni usafi wa kawaida. Katika rafu ya afya, kuondoa kitabu kilichopitwa na wakati ni kumkinga msomaji.

Baada ya rafu zinafuata vyanzo vya taifa. Mkutubi wa Tanzania anapaswa kujua kwamba Wizara ya Afya ina mwongozo wa matibabu na orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kwamba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosajili dawa. Na kwamba waganga wa tiba asili wana baraza lao kwa sheria ya mwaka 2002. Mwenzake wa Kenya aijue Bodi ya Dawa na Sumu kwa namna hiyohiyo. Msomaji akileta chupa iliyoandikwa "inatibu kisukari, presha na saratani", mkutubi halazimiki kubishana naye. Amsaidie kutafuta kama bidhaa hiyo imesajiliwa, na imesajiliwa kama nini. Mara nyingi jibu la swali hilo moja linatosha.

Kisha vinakuja vyanzo vya kimataifa, na hapa lugha ni kikwazo cha kweli. MedlinePlus ina karatasi za afya za Kiswahili, lakini ni chache zikilinganishwa na za Kiingereza, na baadhi zimeandaliwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hivyo hutaja namba za simu na huduma za huko. Mkutubi atalazimika kusoma Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, kazi inayohitaji uangalifu. Kanuni nzuri ya kufundisha ni hii: eleza kilichoandikwa, taja kilipoandikwa, usiongeze. Usipolielewa neno, sema hulielewi, kisha mtafute pamoja.

Uganda walijaribu kuziba pengo kama hilo kwa njia nyingine. Maktaba ya tiba ya Sir Albert Cook katika Chuo Kikuu cha Makerere ilianza kutoa kijarida cha muhtasari wa taarifa za afya na kukisambaza kwa wahudumu wa vijijini ambao hawakuwa na intaneti wala majarida. Wakutubi walichuja machapisho makubwa na kuyafupisha kwa mahitaji ya msomaji aliye mbali. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa Kiswahili katika ngazi ya mkoa, kwa magonjwa 10 yanayoulizwa zaidi, kila karatasi ikipitiwa na daktari wa mkoa kabla haijatoka.

Kupima taarifa kuna maswali yake ya kila siku: nani ameandika, lini, kwa ushahidi gani, na nani anapata fedha nikiamini. Mtihani wenyewe, hata hivyo, huja wakati nchi nzima imeshaamini. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Dawa ilisemwa inaponya UKIMWI, kisukari na maradhi mengine sugu. Foleni za magari zilikwenda kilomita nyingi. Serikali ilituma wataalamu kuichunguza, na taarifa za mwanzo zilisema haina madhara kwa mnywaji.

Tujiulize mkutubi wa Arusha angemjibu nini msomaji aliyemuuliza mwezi Machi mwaka ule kama aende. Kusema "uongo mtupu" kungemfukuza msomaji, na kusema "jaribu tu" kungekuwa ushauri. Aliyefundishwa vizuri angemsaidia kutenganisha maswali matatu yaliyokuwa yamechanganywa katika vichwa vya habari. Je, dawa hii inadhuru? Je, inaponya? Je, mtu akinywa anaweza kuacha dawa zake za hospitali? La kwanza lilikuwa na jibu la awali. La pili halikuwa na ushahidi. La tatu ndilo lililobeba roho za watu, kwa kuwa walikuwepo walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakiamini wamepona. Mkutubi aliyeweza kuyaweka maswali hayo matatu kwenye karatasi moja, kila moja na chanzo chake, angekuwa amefanya kazi yake bila kumtukana mchungaji wala kumdharau muumini.

Historia haikuanzia Loliondo wala haikuishia hapo. Kenya ilikuwa na Kemron mwaka 1990, iliyotangazwa kwa shangwe kama dawa ya UKIMWI na baadaye majaribio hayakuthibitisha faida hiyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, kujifukiza kulishika kasi Tanzania. Leo wapo wanaofika kaunta na jibu tayari, walilopewa na akili mnemba kwenye simu, wakitaka kuthibitishiwa. Chombo ni kipya lakini kazi ya mkutubi ni ileile: kurudi kwenye chanzo na kuona kama kipo na kama kinasema kilichodaiwa.

Kujua pa kuishia

Mpaka ndio unaowatisha wakutubi, na unatisha kwa sababu haujaandikwa popote. Mtumishi ambaye hajui mwisho wa kazi yake atachagua kutoianza. Maktaba inahitaji ukurasa mmoja uliosainiwa na uongozi, wenye maneno rahisi: maktaba hutoa taarifa za afya, haitambui ugonjwa, haipendekezi dawa wala dozi, haitafsiri majibu ya vipimo vya mtu.

Hilo la vipimo linahitaji mfano. Msomaji analeta karatasi ya maabara ya kipimo cha Widal, imeandikwa 1:160, anauliza, "Hii ni taifodi au siyo?" Mkutubi anaweza kumpatia maelezo ya Widal ni kipimo gani, kinapima nini, na kwa nini wataalamu husema hakitoshi peke yake, kwa kuwa huweza kuonyesha taifodi pale isipokuwepo. Hawezi kusema kama huyu aliye mbele yake ana taifodi. Jibu la kwanza linamsaidia msomaji kurudi kwa daktari na swali zuri. La pili ni udaktari bila leseni.

Kuna maswali mengine ambayo hayatafutwi kabisa. Mtoto mwenye degedege, mjamzito anayetokwa na damu, mtu aliyepooza upande mmoja ghafla, mtu anayeongea kuhusu kujiua: hapo mkutubi anaacha kibodi. Mafunzo lazima yatoe orodha fupi ya dalili za hatari, namba ya kituo cha afya kilicho karibu, na namba ya bure ya Wizara, 199 kwa Tanzania. Mlinzi wa getini na mhudumu wa usafi nao waifahamu orodha hiyo, maana mara nyingi wao ndio wanaoulizwa kwanza.

Mpaka mwingine ni siri. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakukaa kaunta ya maktaba ya wilaya, ambako mkutubi anamjua shangazi wa kila msomaji. Mtu atafichua maradhi yake pale tu atakapohakikishiwa kwamba hayatatembea mtaani. Kwa hiyo vifundishwe vitendo vidogo: kushusha sauti, kutotaja jina la kitabu kwa nguvu, kusogea pembeni na msomaji, kufuta historia ya kompyuta baada ya kila mtu, kutoacha daftari la uazimaji wazi mezani. Sheria nazo ziko upande huu. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na zote mbili huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kazi hii iachwe kwa wataalamu wa afya. Baadhi ya maktaba za Marekani zimewaita wataalamu hao ndani: maktaba ya umma ya San Francisco iliajiri ofisa ustawi wa jamii mwaka 2009, na huko Tucson, Arizona, wauguzi wa afya ya jamii walianza kuhudumu ndani ya maktaba mwaka 2012. Ni mfano mzuri pale penye wauguzi wa kutosha. Kwetu, kumtoa muuguzi zahanati ili akae maktaba ni jambo gumu kulitetea. Kilicho karibu zaidi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya ilizindua mwaka 2023 mpango wa takriban wahudumu 100,000 wa aina hiyo, na Tanzania nayo ina mpango wake. Mhudumu huyo akipangiwa asubuhi moja kwa wiki maktaba, mkutubi anapata wa kumkabidhi maswali yanayomzidi, na mhudumu anapata meza, kompyuta na machapisho ambayo hana.

Hoja ya pili ni kwamba asiyesomea tiba hawezi kuaminiwa na afya ya watu. Historia ya Tanzania inaijibu vizuri. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia karibu watu wazima milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Vikundi hivyo viliongozwa na viongozi wapatao 75,000, wengi wao watu wa kawaida wa vijijini. Hawakufundishwa kutibu malaria. Walifundishwa kuendesha mazungumzo juu ya kilichosemwa redioni na kilichoandikwa kitabuni, kisha kukubaliana hatua: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Mafunzo yalishuka kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijiji. Kama nchi iliweza kuwaandaa watu hao kwa redio na vijitabu, haiwezi kushindwa kuwaandaa wakutubi wake.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni mzigo wa kazi. Mkutubi wa wilaya huenda ndiye karani, msimamizi wa kompyuta na mlinzi wa viatu vya watoto kwa wakati mmoja. Kumwongezea jukumu bila kumwongezea muda ni kumwandaa ashindwe. Hoja hii haipingi mafunzo; inadai yaingizwe katika maelezo ya kazi na katika tathmini ya mwaka, yasiachwe kama hisani ya mtumishi mwenye moyo.

Mafunzo yaweje

Muundo wa kuanzia tunao. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na chuo chake cha ukutubi kiko Bagamoyo. Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na mwaka 1996 ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Wakutubi wa afya wa Afrika wana chama chao, AHILA, tangu mwaka 1984. Bara hili lina wataalamu waliozoea kuwahudumia madaktari vyuoni, na mtandao wa maktaba unaomfikia mwananchi. Kinachohitajika ni kuwakutanisha wataalamu hao na wakutubi wa maktaba za umma, wa kwanza wawafundishe wa pili.

Kozi yenyewe inaweza kuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza yote iwe ya maigizo ya kuuliza, kwa maswali halisi yaliyokusanywa kaunta bila majina. Siku ya pili ni ya vyanzo: kukagua rafu ya afya ya maktaba yenyewe, kutafuta dawa kwenye rejista ya TMDA, kusoma ukurasa wa Kiingereza na kuueleza kwa Kiswahili mbele ya wenzako. Siku ya tatu ni ya mipaka, siri na dalili za hatari, na aje mganga mfawidhi wa kituo jirani, wafahamiane na wakutubi kwa sura na kwa simu. Ushirikiano huo utadumu kuliko bango lolote.

Kisha kuwe na ufuatiliaji, jambo ambalo semina nyingi husahau. Baada ya miezi 3, aende muulizaji wa siri na swali ambalo jibu lake linajulikana, kama walivyofanya Maryland. Aangalie mambo manne: je, mtumishi alichimba swali, je, alitaja chanzo na mwaka wake, je, aliishia alipotakiwa kuishia, na je, aliuliza kama jibu limetosha. Matokeo yarudi kwa mtumishi kama msaada, yasiende kwenye faili lake kama kosa. Idadi ya vyeti vilivyogawiwa haimwambii mtu yeyote chochote kuhusu majibu anayopata mama mwenye bahasha ya vidonge.

Sentensi ya "nenda hospitali" itabaki, na inastahili kubaki. Tofauti ni mahali inapokaa kwenye mazungumzo. Kwa mkutubi asiyefundishwa ndiyo sentensi ya kwanza, na humfungia msomaji mlango. Kwa aliyefundishwa huja mwishoni, msomaji akiwa na karatasi mkononi yenye jina sahihi la dawa yake, chanzo alichosomewa, na maswali mawili ya kumuuliza daktari. Mganga mwenye dakika chache kwa kila mgonjwa naye atafaidika, kwa sababu dakika hizo hazitaishia kwenye kubahatisha mgonjwa alitaka kuuliza nini.